Uliza Ujibiwe: Viazi vya Pakiti, vya Friza na vya Chupa

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia viazi mbatata: chipsi, krispi, viazi vya friza, unga, na yale maganda makavu ya viazi vya kuponda yauzwayo kwenye pakiti (si ganda la nje la kiazi, bali vipande vyembamba vya kiazi kilichopondwa na kukaushwa). Wengi mmeuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: kiazi kilichopita kiwandani kina madhara? Kwa kawaida, hapana. Kinachokiharibu ni mwanga, baridi ya friji, moto uliozidi na kukaa saa nyingi kikiwa vuguvugu, na sehemu kubwa ya hayo hutokea pakiti ikishafika jikoni kwako. Barua tumezifupisha bila kugusa maana.

Chipsi zangu zinakuwa nyeusi nje huku ndani bado mbichi. Viazi huwa naviweka friji visije vikaota. Wifi yangu anasema weusi huo unaleta saratani. Ni kweli au ananitisha?
*Mama wa watoto watatu*

Mama, wifi yako ana hoja, ingawa ametia chumvi kidogo.

Tuanze na friji. Kiazi ni kitu hai hata baada ya kuchimbwa. Kikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 6 hivi za Selsiasi, hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Ukikichemsha utausikia utamu usioutarajia. Ukikikaanga utauona weusi. Sukari hiyo ikikutana na asparajini, asidi amino ambayo kiazi kinayo kwa wingi, na joto likapanda kupita nyuzi 120, ndipo inapopatikana rangi ya kahawia, na ile harufu inayowatoa watoto vyumbani, na kemikali iitwayo akrilamidi. Vyote vitatu hutoka chungu kimoja. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo na akrilamidi inavyoongezeka.

Viazi vya kuchemsha havina tatizo hili kwa sababu maji ya sufuria hayapiti nyuzi 100. Hata ndani ya chipsi, pale penye unyevu, joto haliwezi kupita hapo. Mambo yote hutokea kwenye gamba la nje lililokwisha kukauka. Ndiyo maana chipsi nene zina akrilamidi kidogo, na mafuta kidogo, kuliko nyembamba za uzito uleule: gamba ni dogo ukilinganisha na nyama ya ndani.

Kuhusu saratani, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka akrilamidi mwaka 1994 kwenye kundi la 2A, yaani kemikali ambazo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi wenyewe ulitoka kwa wanyama waliopewa dozi kubwa. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden wakatangaza kwamba imo kwenye vyakula vya kila siku vya kukaanga na kuoka, na tangu hapo tafiti za walaji hazijakubaliana. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni iliyoanza kutumika Aprili 2018, uliwawekea watengenezaji viwango vya kujipimia: mikrogramu 500 kwa kilo ya chipsi zilizo tayari kuliwa na 750 kwa kilo ya krispi. Sahani moja iliyoungua haimuui mtu. Kula hivyo kila jioni ndiko hatukushauri.

Sasa chipsi zenyewe. Kata vipande vya unene wa sentimita 1. Viloweke kwenye maji baridi dakika 30 mpaka saa 2, uvisuuze hadi maji yawe maangavu. Hapo umeondoa sukari na wanga wa juu ambao ndio huungua kwanza. Vikaushe kwa kitambaa safi, na uvikaushe kweli, maana kila tone la maji hupoza mafuta na kuyarusha. Kaanga mara ya kwanza kwenye nyuzi 150 kwa dakika 5 au 6, mpaka kisu kipite katikati bila ubishi lakini rangi iwe bado nyeupe. Epua, acha vipoe dakika 10. Rudisha kwenye nyuzi 175, dakika 2 au 3 tu, uvitoe vikiwa na rangi ya dhahabu. Usisubiri kahawia. Tia kidogokidogo, kiasi cha gramu 100 za viazi kwa lita moja ya mafuta. Ukijaza karai, mafuta yanapoa, viazi vinakunywa mafuta badala ya kukaangika, nawe unaongeza moto kwa hasira, ndipo vinapoungua.

Viazi ulivyokwisha kuviweka friji usivitupe. Vitoe, uvikalishe gizani penye nyuzi 15 hadi 20 kwa wiki mbili au tatu. Sehemu ya sukari hupungua. Kama huna subira hiyo, vichemshe. Kuna mamlaka za chakula, ya Uingereza ikiwemo, ambazo siku hizi hazikatazi tena kuweka viazi friji, kwa hoja ya kuokoa chakula kisiharibike. Sisi kwa viazi vya kukaanga tunabaki na msimamo wa zamani, kwa sababu ya rangi na ladha. Wanaonunua kwa magunia wana ujanja wao: hukata kiazi na kukibandika kijikaratasi cha kupimia sukari kwenye mkojo. Kikibadilika rangi sana, gunia hilo halifai kwa chipsi.

Kwenye pakiti ya krispi hukutana na zenye ukingo wa kijani. Na je, viazi vilivyoanza kuwa kijani, nikivichemsha sana sumu haiishi?
*Baba wa nyumba*

Kaka, haiishi. Ukijani wenyewe ni klorofili, ileile ya majani, na haina ubaya. Tatizo ni kwamba mwanga ulioileta klorofili huleta pia solanini na ndugu yake chakonini, nazo hazina rangi. Kiazi kilichojikwaruza, au kilichoota, kinaweza kuwa nazo nyingi bila ukijani wowote.

Sumu hizi hazivunjwi na maji yanayochemka. Zinachoweza kufanya ni kuhama: baadhi hutoka na maji ya kuchemshia ukiyamwaga, baadhi huingia kwenye mafuta. Njia yenye nguvu zaidi ni kisu, kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda, kwenye macho na kwenye machipukizi. Menya ganda nene, chimba kila jicho, kata sehemu yote ya kijani na milimita chache zaidi. Ukijani ukiwa umeingia ndani, au kipande kikiwa kichungu na kinawasha ulimi, tupa kiazi chote. Mtu huanza kuumwa kwa kiasi cha miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake: kichefuchefu, kutapika, tumbo kusokota, kuharisha. Mtoto mdogo hufika kiasi hicho mapema kwa sababu ya uzito wake, basi viazi vya namna hiyo asipewe kabisa.

Krispi mbili tatu zenye ukingo wa kijani hazitakudhuru. Pakiti nzima ikiwa hivyo, irudishe ulikonunua.

Viazi vya kuponda vya pakiti vinanigeukia gundi. Maziwa na siagi ninatia vizuri. Pia nimesoma nyuma ya pakiti nikakuta E450, E471, E223. Ninalisha familia kemikali?
*Dada mpenda mapishi*

Dada, gundi hiyo imetokana na maji ya moto kupita kiasi na mkono wenye nguvu kupita kiasi. Ukijua maganda hayo yanavyotengenezwa utaelewa.

Njia inayotumika viwandani ilitengenezwa kwenye maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani karibu na Philadelphia miaka ya 1950. Viazi vilivyokatwa hutiwa kwenye maji ya nyuzi 70 hadi 75 kwa dakika 20 hivi, hupozwa, kisha hupikwa kwa mvuke, hupondwa, na kupakwa kama ngozi nyembamba juu ya pipa la chuma lenye moto linalozunguka. Ngozi hiyo hukauka kwa muda mfupi mpaka unyevu ubaki karibu asilimia 7, ikakwanguliwa na kuvunjwavunjwa. Ile hatua ya kupasha na kupoza kabla ya kupika huufanya wanga ushikamane ndani ya chembe za kiazi usimwagike ovyo. Ila chembe nyingi hupasuka wakati wa kukwangua, na wanga wao uko tayari kunata mara tu uonapo maji. Maji yanayotokota yakichanganywa na mchapo wa mashine humalizia chembe zilizobaki.

Fanya hivi kwa gramu 100 za maganda. Chemsha mililita 350 za maji yenye chumvi na siagi, epua, kisha mimina mililita 100 hadi 150 za maziwa baridi. Sasa joto limeshuka. Mwaga maganda yote kwa pamoja, yaache yanywe kwa nusu dakika au zaidi bila kuguswa, halafu geuza kwa uma mara chache tu. Yakiwa mazito, ongeza maziwa ya moto kijiko kimojakimoja. Mashine ya kusagia usiilete karibu. Yakishakuwa gundi hayarudi. Yageuze kababu kwa kutia yai na unga kidogo.

Sasa herufi zako. E450 ni fosfati inayozuia kiazi kilichopikwa kisigeuke rangi ya kijivu. Kijivu hicho, ambacho hata viazi vyako vya sufuriani hukipata vikilala, hutokana na chuma kilichomo ndani ya kiazi kuungana na asidi yake kikipata hewa. Fosfati hukishika chuma kwanza. E471 ni mafuta yaliyobadilishwa kidogo ili yaufunge wanga usinate, yaani yanakusaidia vita ileile ya gundi. E223 ni salfaiti, ya kuhifadhi rangi. Kwa watu wengi si kitu, ila baadhi ya wenye pumu hubanwa kifua. Nchi za Umoja wa Ulaya hutaka itajwe kwenye pakiti ikizidi miligramu 10 kwa kilo. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, tafuta neno salfaiti, au E220 mpaka E228, kabla ya kununua. E330 ukiikuta ni asidi ya limau tu.

Na usiyaone maganda hayo kama chakula cha dharura peke yake. Kwenye mkate, toa gramu 50 za unga wa ngano katika kila gramu 500, uweke gramu 50 za maganda, na uongeze maji kuanzia mililita 80. Mkate hubaki laini siku mbili zaidi kwa sababu kiazi hushikilia maji. Kinyunya kitawahi kuumuka, kikague mapema. Kwenye nyama ya kusaga, gramu 30 au 40 kwa nusu kilo, changanya na uache dakika 10 kabla ya kufinyanga, madonge hayatapasuka. Samaki ukimpitisha kwenye unga, kisha yai, kisha maganda, anapata gamba la kuvunjika, lakini moto usipite nyuzi 170 kwa sababu hukoza haraka. Mchuzi ulio mwepesi ukiunyunyizia kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe, unakaa sawa ndani ya dakika mbili.

Mabaki ya viazi vya kuponda naviacha jikoni kwenye sufuria yenye mfuniko, jioni navipasha moto mkali. Moto si unaua kila kitu?
*Bibi mlezi wa wajukuu*

Shikamoo bibi. Unaua wadudu wengi, lakini sumu waliyokwisha kuitema inabaki. Viazi vya kuponda, hasa vya pakiti, huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu hizo hustahimili mchemsho, kisha sufuria ikipoa polepole chini ya mfuniko huamka na kuzaana. Sumu yao ya kutapisha ni sugu kupita kiasi: maabara huipasha nyuzi 121 kwa saa moja na nusu, nayo ikabaki na makali yake. Mtoto huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula.

Chakula cha mchana kikibaki, ndani ya saa mbili kitandaze kwenye bakuli pana, kina kisizidi sentimita 5, kiingie friji. Kiliwe ndani ya siku mbili au tatu zijazo, na ukikipasha kitoe mvuke mpaka katikati. Kama mnakula kwa zamu, kiweke juu ya moto mdogo unaokitunza juu ya nyuzi 60, si juu ya jiko lililozimwa.

Kiazi kilichookwa ndani ya foili kina hatari yake, tena kubwa zaidi. Foili huzuia hewa na kutunza uvuguvugu, na mbegu za Clostridium botulinum zilizotoka udongoni hupenda hali hiyo. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua baada ya mkahawa kutumia viazi vilivyookwa kwenye foili na kuachwa nje ya friji, kisha vikatengenezwa mchanganyiko wa kuchovyea mkate. Kiazi cha foili kiliwe cha moto. Kinachobaki kifunuliwe foili kabla ya kuingia friji.

Naweza kuhifadhi viazi kwenye chupa za glasi kwa kuzichemsha kwenye sufuria kubwa, kama nifanyavyo kwa jemu?
*Mjasiriamali*

Hapana, na tunakuomba usijaribu. Jemu hulindwa na asidi na sukari. Kiazi hakina asidi ya kutosha, na chupa iliyofungwa haina hewa, basi botulinum hujikuta yuko nyumbani. Mbegu zake haziuawi na nyuzi 100 hata uchemshe mchana kutwa. Mwaka 2015, kwenye chakula cha kanisa huko Ohio, Marekani, saladi ya viazi vilivyohifadhiwa nyumbani kwa njia hiyohiyo ya sufuria iliwaangusha watu 29, mmoja akafariki.

Njia iliyo salama ni chombo cha presha cha kuhifadhia chenye kipimo, kinachofikisha nyuzi 116 hivi. Viazi humenywa, hukatwa vipande, hupashwa kwanza kwenye maji yanayochemka, hutiwa kwenye chupa vikiwa vya moto pamoja na maji mapya, na nafasi ya sentimita 2.5 kuachwa juu. Chupa za nusu lita hukaa dakika 35 na za lita moja dakika 40 kwa presha ya pauni 10 (pauni 11 kama chombo ni cha saa yenye mshale). Ukiishi juu ya mita 300 kutoka usawa wa bahari presha inaongezwa. Fuata kijitabu cha chombo chako. Sufuria ya presha ya kupikia maharage haifai kwa kazi hii, kwa kuwa hupata moto na kupoa haraka kuliko muda huo ulivyopigiwa hesabu.

Aliyekula chakula cha chupa au kopo akaanza kuona kitu kimoja kama viwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito au akashindwa kumeza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Dalili huja mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36. Chupa iliyotuna au inayofoka ikifunguliwa haionjwi hata kwa ncha ya kidole.

Unga wa viazi na wanga wa viazi ni kitu kimoja?
*Mwanafunzi wa mapishi*

Si kimoja, na ukivibadilisha utaharibu chakula. Unga ni kiazi kizima kilichopikwa, kikakaushwa na kusagwa: una rangi ya manjano hafifu, unanukia kiazi, unakunywa maji hata yakiwa baridi. Wanga umeoshwa na kutengwa ukiwa mbichi: mweupe pee, hauna harufu, na ukiufinya kwa vidole unalia kama mchanga mkavu. Kwenye maji baridi hutuama chini. Huanza kuvimba kwenye nyuzi 60 hivi.

Wanga ni wa kukolezea mchuzi. Koroga kijiko kimoja cha chakula kwa vijiko viwili vya maji baridi, mimina mwishoni mchuzi ukiwa karibu kuchemka, koroga mpaka ung'ae, epua. Ukiendelea kuuchemsha au kuupiga kwa nguvu, chembe zake kubwa hupasuka na mchuzi unarudi kuwa maji. Watu hudhani waliweka kidogo, wakaongeza, wakapata kamasi. Unga wenyewe ni wa mkate na supu.

Chipsi za friza niziyeyushe kwanza? Na umeme ukikatika siku nzima?
*Kijana anayejipikia*

Usiziyeyushe. Kiwandani zimechovywa maji ya moto, zikakaangwa kwa sekunde chache na kugandishwa. Uso wake umeandaliwa uingie kwenye moto ukiwa na barafu nyembamba. Ukiziacha ziyeyuke, maji hulowesha uso, wanga hunata, nazo hugandamana na kurusha mafuta. Kung'uta barafu iliyolegea, kisha zitie, nusu ya kikapu tu. Kwenye oveni, nyuzi 200 hadi 220, safu moja, zigeuze katikati ya muda. Kuzitafuna zikiwa bado za friza si vizuri: hazijaiva, na bakteria kama Listeria huvumilia baridi ya friza.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa huhifadhi baridi karibu saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Zikiwa bado na barafu ndani zinaweza kugandishwa tena, ila zitakuwa laini. Pakiti yenye bonge moja gumu dukani ni dalili kwamba iliyeyuka njiani ikagandishwa upya. Iache hapo hapo.

Viazi vibichi vyako mwenyewe usivitupe frizani hivihivi. Barafu hupasua chembe, na vikiyeyuka hutoa maji na kuwa vyeusi. Vichovye kwenye maji yanayochemka dakika 3 au 4, vipoze kwenye maji ya barafu, vikaushe, ndipo vigande. Watu wa milima ya Andes waligeuza kasoro hiyo kuwa ufundi karne nyingi zilizopita: viazi hugandishwa na baridi ya usiku, hukanyagwa kwa miguu maji yatoke, hukaushwa juani, na chakula hicho kiitwacho chuño hukaa miaka.

Mafuta ya kukaangia yatumike mara ngapi?
*Muuza chipsi*

Idadi ya mara haisemi kitu. Vyakula vilivyopakwa unga huyachafua upesi kuliko viazi vitupu. Angalia mafuta yenyewe. Povu dogodogo likibaki juu hata baada ya kuepua, moshi ukitoka kabla ya kufika nyuzi 180, mafuta yakidondoka kama asali, harufu ikiwa ya kuchacha: yatupe. Ujerumani hutumia kikomo cha asilimia 24 ya vitu vilivyovunjika ndani ya mafuta, Ufaransa 25, na vipo vipimo vya mkononi vya kupimia. Ili yadumu, yachuje kila siku yakiwa vuguvugu, maana masalia meusi ndiyo huharakisha kuharibika. Chumvi itiwe kwenye sahani, si juu ya karai. Ukipumzika, shusha moto. Vyombo vya shaba usitumie. Na kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyokwisha kufa ni kupoteza yote mawili.

Nina ugonjwa wa figo. Nimeambiwa viazi nivichemshe mara mbili. Krispi vipi?
*Mzee mstaafu*

Mzee wetu, ushauri huo wa kuchemsha ni mzuri: kata vipande vyembamba, chemsha kwa maji mengi, mwaga, tia maji mapya, chemsha tena mpaka viive. Potasiamu hupungua kiasi cha nusu au zaidi kwa kuwa inatoka na maji. Krispi hazijapata nafasi hiyo, tena zimenyang'anywa maji yake, kwa hiyo gramu 100 zina takriban miligramu 1,200 za potasiamu, mara tatu ya kiazi cha kuchemsha. Usitumie chumvi ya "sodiamu kidogo", maana mara nyingi ina potasiamu nyingi. Na pakiti iliyoandikwa E450, E451 au E452 ina fosfati ya kuongezwa, ambayo mwili huifyonza kwa urahisi kuliko ile iliyomo ndani ya chakula chenyewe. Kiasi chako anakipanga daktari kwa vipimo vyako vya damu. Mpelekee pakiti aisome.

Mwanangu hatakiwi kula gluteni. Krispi zote si viazi?
*Mama mwenye wasiwasi*

Zile zilizokatwa kutoka kiazi kizima ni viazi, mafuta na chumvi, lakini viungo vya kunukishia huweza kuwa na ngano au shayiri, nafaka zenye gluteni. Zile zinazofanana kama sahani ndogo zilizopangwa ni kinyunya cha maganda makavu ya viazi na unga mwingine. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya kodi kuhusu Pringles, mfano wa krispi za namna hiyo, ambazo viazi vyake vilikuwa asilimia 42 hivi, na baadhi ya matoleo yake yana wanga wa ngano. Soma orodha ya viambato kila unaponunua, hata ladha aliyoizoea, kwa kuwa hubadilishwa bila tangazo.

Krispi zimelegea lakini tarehe haijapita. Nitupe?
*Msomaji wa kila toleo*

Zinuse kwanza. Zikinuka rangi ya ukutani au mafuta ya zamani, tupa. Kama ni kulegea tu, zimekunywa unyevu wa hewa: zitandaze kwenye trei, oveni ya nyuzi 150, dakika 3 hadi 5, uziache zipoe nje ndipo zitakapokauka na kulia tena. Kipande kinachobaki baada ya hapo kitie kwenye chupa inayofunga, si kwenye pakiti iliyokunjwa.